Ua Jekundu na Karatasi Yake

Leo tutazungumza juu ya ua la jangwani lililochumwa mwaka 1699. Lilikaushwa, likavuka bahari, likanusurika katika meli iliyozama, na hadi sasa limehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Rangi yake imekwisha kufifia na petali zimekauka. Hata hivyo ua hilo limewahi kukata shauri la wataalamu waliobishana, na bado linaweza kuitwa kutoa ushahidi. Pamoja na ua hilo tutaangalia vile vijikaratasi vinavyobandikwa kando ya mimea iliyokaushwa, maana nguvu yote imo humo.

Mahali panapohifadhiwa mimea ya namna hii huitwa hebaria. Mtu huenda porini, akachukua tawi lenye majani, maua na ikiwezekana tunda au ganda la mbegu. Hulilaza katikati ya magazeti, akalikandamiza kwa mbao na mikanda, akabadilisha magazeti mpaka unyevu wote utoke. Likishakauka hubandikwa kwenye karatasi ngumu. Pembeni huwekwa lebo: mmea umechumwa wapi, lini, na nani, kwa namba gani, udongo ulikuwaje, ua lilikuwa la rangi gani. Basi. Duniani leo kuna hebaria zaidi ya 3,000, na ndani yake sampuli zinazokaribia milioni 400. Ni akiba kubwa ajabu, nayo imekusanywa tawi moja baada ya jingine, na watu ambao wengi wao hatuwajui hata kwa sura.

Sasa ua lenyewe. Kwao ni Australia, katika maeneo makavu yanayoenea kutoka pwani ya magharibi hadi ndani ya bara upande wa mashariki. Waingereza walilipa jina la njegere ya jangwani ya Sturt, kwa heshima ya mpelelezi mmoja ambaye tutamfikia. Katika vitabu vya sayansi linaitwa Swainsona formosa. Ni la jamii ya mikunde, kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa kunde, mbaazi na maharage yetu. Mmea hutambaa ardhini, matawi yake yakifika mita mbili au zaidi, na majani yake yana rangi ya kijivujivu kwa sababu ya vinyweleo laini vinavyoupunguzia ukali wa jua. Kutoka katika matawi hayo huinuka vikonyo vifupi vilivyosimama wima, na juu ya kila kikonyo hukaa maua matano, sita au zaidi, yote yametokea mahali pamoja. Kila ua lina urefu wa karibu sentimita tisa, jekundu la kukolea. Katikati pana nundu nyeusi inayong'aa, na ukilitazama kwa mbele utadhani linakukodolea jicho.

Ua hili haliko kila siku. Mvua isiponyesha, mwaka, miwili, hata zaidi, huoni kitu ila mchanga na kokoto. Mmea upo, lakini upo katika umbo la mbegu yenye ganda gumu lisilopitisha maji. Mvua nzuri ikija, mbegu zilizokwisha kuchubuka huota, mzizi hukimbilia chini, na baada ya muda nchi huwa nyekundu. Halafu mmea huzaa, hukauka, na habari yake inakwisha mpaka mvua nyingine. Lishike jambo hili, msikilizaji, kwa sababu litatusaidia mbele kuelewa kumbukumbu hizi zinasema nini na zinanyamazia nini.

Mtu wa kwanza tunayejua kwamba aliuchukua mmea huu akaukausha ni Mwingereza William Dampier. Dampier alikuwa mtu wa mambo mengi. Ujanani alikuwa haramia wa baharini; baadaye akaandika vitabu vya safari vilivyosomwa sana; na kabla hajafa alikuwa ameizunguka dunia mara tatu. Jeshi la majini la Uingereza lilimpa meli iliyoitwa Roebuck, naye mwaka 1699 akaenda kuichunguza nchi ambayo Wazungu wakati ule waliiita New Holland. Mwezi Agosti mwaka huo akatia nanga kwenye visiwa vya kaskazini-magharibi mwa Australia, visiwa ambavyo leo vinaitwa kwa jina lake. Alikuwa akihangaikia maji ya kunywa. Lakini katika kuhangaika huko alipata nafasi ya kuchuma mimea na kuilaza katikati ya kurasa za vitabu ili ikauke. Hakuwa na mbao za kukandamizia wala mtaalamu wa kumsaidia. Alikuwa na vitabu, akavitumia.

Safari ya kurudi ilikuwa ya mashaka. Roebuck ilikuwa kuukuu, mbao zake zimeoza. Mwezi Februari 1701, walipofika kisiwa cha Ascension katikati ya Atlantiki, meli ilivuja wasiweze kuiziba, ikazama. Dampier na watu wake walikaa kisiwani zaidi ya mwezi mmoja, mpaka zilipopita meli za kwao zikawachukua. Vitabu na karatasi zake nyingi zilipotea. Mimea ile mikavu, au sehemu yake, iliokoka. Na alipofika nyumbani hakupokewa kwa shangwe. Mwaka 1702 alishitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kumtesa ofisa mmoja wa chini yake, akapatikana na hatia, akakatwa mshahara na kutangazwa kwamba hafai kuongoza meli yoyote ya ufalme. Kwa hesabu ya wakubwa wake, safari ilikuwa hasara tupu: meli imezama na nahodha ameaibika. Kilichobaki chenye faida ni kitabu alichokitoa mwaka 1703, na fungu dogo la majani makavu.

Fungu hilo Dampier alimpa msomi aliyeitwa John Woodward. Likapitia mikononi mwa wataalamu wa mimea wa zama zile, akiwamo John Ray, aliyeliandika ua letu katika kitabu chake cha mwaka 1704. Mwishowe sampuli zilimfikia William Sherard, mtu aliyekuwa na mkusanyo mkubwa wa mimea, na yeye alipofariki mwaka 1728 aliuacha mkusanyo wake kwa Chuo Kikuu cha Oxford. Huko ndiko ziliko sampuli zinazopungua 30 za Dampier kutoka Australia. Ni miongoni mwa mimea mikavu ya zamani kabisa kutoka bara lile.

Dampier hakuwa mkusanyaji hodari kwa vipimo vya leo. Katika kitabu chake cha 1703 kuna picha ya ua letu, na maelezo ya chini yake yanasema wazi kwamba sampuli haikuwa na majani, kwa hiyo ni vigumu kusema mmea huu ni wa kundi gani. Mwandishi wa maelezo yale alifanya alichoweza. Alieleza wekundu wa ua, akaeleza doa kubwa la zambarau iliyoiva, akaeleza kwamba maua yote yanatoka mahali pamoja, na kwamba ganda changa la mbegu lina manyoya na linaishia na uzi mrefu. Ameeleza vizuri, na kwa maelezo hayo hata sisi tunaweza kulitambua ua. Lakini jani halikuwapo. Nahodha alivutiwa na uzuri, akachukua kile kilichompendeza macho. Kosa hili linafanywa hadi leo: mtu anachuma ua, anaacha jani na ganda la mbegu, kisha anamletea mtaalamu na kumtaka aseme ni mmea gani.

Miaka 118 baada ya Dampier, yaani mwaka 1817, mkusanyaji mimea aitwaye Allan Cunningham alifuatana na msafara wa John Oxley kuingia bara, upande wa mashariki mwa Australia. Kando ya ziwa moja la mto Lachlan akakutana na mmea wenye maua mekundu yenye nundu nyeusi. Mwaka uliofuata, 1818, Cunningham yuleyule alisafiri kwa meli na nahodha Phillip Parker King, wakapita kwenye vile visiwa vya Dampier. Akauona tena mmea unaofanana na ule. Kati ya mahali hapo pawili kuna zaidi ya kilomita 3,000. Je, ni mmea mmoja au miwili? Hatimaye ule wa bara ukapewa jina la Oxley, na ule wa visiwani ukapewa jina la Dampier, kana kwamba ni spishi mbili.

Mwaka 1839 mpelelezi Edward John Eyre akauona mmea huo kwenye milima ya Gawler, kusini mwa nchi. Mwaka 1844 akaja Charles Sturt. Huyu alitoka mji wa Adelaide akiwa na watu, farasi, maksai, kondoo 200, na mashua. Mashua, msikilizaji, jangwani! Sturt aliamini kwamba katikati ya bara kuna bahari, na alitaka awe tayari kuisafiria. Bahari hakuiona. Ukame ulimfungia mahali pamoja kwa muda wa miezi sita hivi, penye maji kidogo, mpaka mvua zilipokuja. Lakini njiani, kwenye safu za milima ya Barrier, aliukuta mmea wa maua mekundu, akachukua sampuli.

Sampuli za Sturt zilipofika London zilipelekwa kwa Robert Brown. Brown alikuwa Mskoti, mmoja wa wataalamu wakubwa wa mimea wa karne ile, na yeye mwenyewe alikuwa amepata kufika Australia mwanzoni mwa miaka ya 1800. Akaandika nyongeza ya mimea katika kitabu cha Sturt kilichotoka mwaka 1849. Hapo ndipo unapoiona kazi ya hebaria kwa macho. Brown alikusanya ushahidi: sampuli ya ziwani, ya milima ya Gawler, ya Barrier, ya visiwani. Akazilinganisha. Tena alikuwa ameitazama, katika mkusanyo wa Sherard kule Oxford, sampuli ya Dampier ya mwaka 1699. Uamuzi wake ukawa kwamba huu wote ni mmea mmoja, unaoenea kutoka pwani ya magharibi hadi mabonde ya mashariki. Mabishano yakafungwa na ua lililochumwa miaka 150 kabla, na mtu ambaye alikuwa amekwisha kufa zamani na ambaye wakubwa wake walimwona hafai.

Brown hakulazimika kumwamini Dampier kwa maneno. Kitu chenyewe kilikuwa mbele yake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumbukumbu ya hebaria na masimulizi ya kawaida ya msafiri. Msafiri akikuambia aliona ua jekundu, utamwamini au utamtilia shaka, basi. Akikuletea ua lenyewe, na mahali, na tarehe, hata mjukuu wa mjukuu wako ataweza kuhakiki.

Ukipewa nafasi ya kuitazama karatasi moja ya hebaria kwa karibu, utaona mambo haya. Karatasi ina urefu wa sentimita 40 na kitu. Mmea umeshikizwa kwa gundi au kwa vipande vyembamba vya karatasi, au umeshonwa kwa uzi. Pembeni pana bahasha ndogo: humo mna mbegu na vipande vilivyodondoka, maana hakuna kinachotupwa. Chini kulia pana lebo. Juu ya lebo utakuta vijikaratasi vingine, kila kimoja na mwandiko wake. Hivyo ni vya wataalamu waliopita baadaye, kila mmoja akiandika: mimi, tarehe fulani, nasema mmea huu ni kitu fulani. Asiyekubaliana na mwenzake haruhusiwi kung'oa cha mwenzake. Anabandika chake. Kwa hiyo karatasi moja inabeba mazungumzo ya watu ambao pengine hawakuishi karne moja.

Na juu ya ua letu kumekuwa na mazungumzo kwelikweli. Mwaka 1832 mtaalamu wa mimea George Don aliliita Donia formosa. Mwaka 1835 likaitwa Clianthus dampieri, na kwa miaka mingi wengi walilijua hivyo. Lakini kanuni za kuipa mimea majina zinasema jina la zamani zaidi, kuanzia mwaka 1753, ndilo lenye haki. Formosa ilikuwa imetangulia kwa miaka mitatu, kwa hiyo mwaka 1950 likawa Clianthus formosus, na Dampier akaondolewa katika jina. Mwaka 1990 Joy Thompson akaonyesha kwamba ndugu zake wa karibu ni wale wa kundi la Swainsona, akalihamishia huko. Mwaka 1999, miaka 300 kamili tangu Dampier achume, Alex George akapendekeza kundi jipya liitwalo Willdampia, ili nahodha arudishiwe heshima yake. Wengi hawakumfuata, na Swainsona formosa ndilo jina linalotumika zaidi. Majina yamebadilika mara zote hizo. Sampuli haikubadilika, na kila aliyetaka kubadili jina ilimbidi arudi kwenye karatasi.

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili. Kumbukumbu hizi zina mapungufu, na mtu akizisoma bila kuyajua atapotoka. La kwanza ni rangi. Ua jekundu likikaa miaka mingi kwenye karatasi huwa la kahawia. Ndiyo maana mkusanyaji mzuri huandika rangi siku ileile, mmea ukingali mbichi. Harufu pia hupotea, na hata namna matawi yalivyotambaa ardhini. Kisichoandikwa kwenye lebo hakirudi.

La pili ni zito zaidi, nalo linahusu jangwa. Chukua ramani ya Australia, weka nukta kila mahali palipochukuliwa sampuli ya njegere ya jangwani. Utaona nukta zimeenea katika majimbo yote ya bara isipokuwa Victoria. Lakini utaona pia kwamba nyingi zimejipanga kando ya barabara, karibu na vituo vya mifugo, kwenye njia za reli na katika miji ya machimbo. Je, ua linapenda barabara? Hapana. Wakusanyaji ndio wanaopita barabarani. Kadhalika tarehe. Sampuli nyingi zimechukuliwa katika miaka ya mvua njema. Je, miaka mingine mmea haukuwapo? Ulikuwapo, lakini ardhini, katika mbegu. Kwa hiyo sampuli inathibitisha kwamba mmea ulikuwa mahali fulani siku fulani. Kukosekana kwa sampuli hakuthibitishi kwamba haukuwapo. Mpangaji wa mradi anayeitazama ramani tupu na kusema hapa hakuna kitu, tuchimbe, amesoma nusu ya habari tu. Kwa mimea ya jangwani nusu hiyo ni ya hatari, kwa sababu jangwa huonyesha mali yake kwa zamu.

Mbegu hizi zenye ganda gumu zina uvumilivu wa kushangaza. Jamii ya mikunde inasifika kwa hilo. Mwaka 1940, mabomu ya Ujerumani yalipoliangukia jumba la makumbusho la London, wazima moto walimwaga maji juu ya hebaria. Baadaye mbegu za mti mmoja wa jamii ya mkenge, zilizokusanywa China mwaka 1793, zikaota palepale kwenye karatasi zake. Zilikuwa zimekaa kabatini kwa miaka 147, zinasubiri maji tu. Kwa hiyo hata zile bahasha ndogo za mabaki si takataka. Zinaweza kuwa na uhai ndani yake.

Vita hivyohivyo, yaani Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vilifanya na mabaya, tena mabaya yanayotugusa sisi moja kwa moja. Wakati wa ukoloni wa Wajerumani mimea mingi ya Tanganyika ilichumwa na kupelekwa Berlin, ikapewa majina huko. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 hebaria ya Berlin ilipigwa bomu ikaungua, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ikawa majivu. Sampuli zilizokuwa msingi wa majina ya mimea yetu zikapotea. Kilichosaidia ni nakala. Kule Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walikuwa wameanzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na kituo kilikuwa na mkusanyo wake. Tawi moja la mti lilikuwa limegawanywa: kipande kimekwenda Berlin, kipande kimebaki Amani. Kile cha Berlin kikaungua, cha Amani kikabaki. Mwaka 1950 mkusanyo wa Amani ulihamishiwa Nairobi, na ndio asili ya Hebaria ya Afrika Mashariki iliyopo katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa tuongeze kwamba daftari nalo liwe na nakala, na nakala moja ibaki nyumbani.

Kutokana na karatasi kama hizo kiliandikwa kitabu kikubwa cha mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1952 na ya mwisho mwaka 2012. Miaka 60 ya kazi, spishi zaidi ya 12,000. Mwanafunzi wa leo wa Makerere, Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kujua mti fulani unamea wapi, anakula matunda ya watu waliotembea porini na magazeti mgongoni.

Liko jambo moja, msikilizaji, ambalo karatasi nyingi za zamani zimelinyamazia. Ua letu jekundu linaitwa la Sturt. Lakini katika orodha niliyokutajia, kabla ya Sturt yuko Eyre, kabla ya Eyre yuko Cunningham, na kabla ya Cunningham yuko Dampier. Na kabla yao wote walikuwapo wenyeji wa Australia, walioishi katika nchi hiyo kwa makumi ya maelfu ya miaka, ambao ua hili halikuwa kitu kipya kwao hata kidogo. Lebo inamtaja aliyechuma. Haimtaji aliyeonyesha njia, wala aliyejua maji yako wapi, wala aliyelijua ua kwa jina kabla ya mgeni kufika. Huo ni upungufu wa haki, na pia ni upungufu wa elimu, kwa sababu mwenyeji anajua mmea unatoka mwezi gani, mnyama gani anaula, na unafuata mvua ya namna gani.

Kwetu jambo hili lilishughulikiwa angalau kidogo. Katika lebo nyingi za Afrika Mashariki utakuta jina la kienyeji, likiwa la Kiswahili, Kisambaa, Kimaasai au lugha nyingine. P. J. Greenway, aliyekuwa mtaalamu wa mimea pale Amani, aliyakusanya majina ya Kiswahili akayatungia kamusi ya mimea, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940. Majina yale hakuyabuni. Yalitoka vinywani mwa wakulima, waganga na wachunga mifugo. Wachache tu kati yao wameandikwa.

Najua wako watakaouliza: nchi ina njaa ya zahanati na madarasa, ya nini kutumia fedha kutunza majani makavu? Swali ni la haki, na jibu lake si la kifalsafa. Ukitaka kujua kama ukame umesogeza mimea ya malisho, lazima ujue ilikuwa wapi miaka 50 iliyopita. Ukitaka kujua kama miti inachanua mapema kuliko zamani, lazima uwe na tarehe za zamani. Ukitaka kuzuia barabara isipite juu ya mmea usiopatikana kwingine, lazima uonyeshe karatasi. Mtu akifa kwa kula mzizi wenye sumu, daktari anahitaji mtu wa kuutambua mzizi huo, na mtu huyo naye anahitaji sampuli ya kulinganishia. Majibu haya huwezi kuyanunua siku unapoyahitaji. Ama yaliwekwa kabatini zamani, ama hayapo.

Na kabati linahitaji matunzo. Wadudu wadogo wanakula mimea mikavu kwa furaha kubwa. Hapo kale watu walipaka sampuli dawa ya zebaki, na ndiyo maana karatasi za zamani hushikwa kwa tahadhari. Siku hizi sampuli mpya huwekwa kwanza kwenye friza kwa siku kadhaa ili wadudu na mayai yao wafe. Paa likivuja, umeme ukikatika, mtunzaji akistaafu bila mrithi, kazi ya miaka 100 inaweza kuliwa katika misimu michache. Picha za kompyuta zinasaidia: Australia imeziweka kumbukumbu zake kwenye mtandao, na yeyote anaweza kuitafuta njegere ya jangwani akaona kila mahali ilipowahi kuchumwa. Lakini picha haina mbegu ndani yake, wala huwezi kuipima vinasaba. Karatasi yenyewe ibaki.

Msikilizaji, nimalize kwa ombi. Nyika zetu za Turkana, Marsabit, Wajir na Dodoma nazo zina maua yanayotokea baada ya mvua na kutoweka kabla watu wa mjini hawajapata habari. Wewe uliye karibu nayo ndiye unayeweza kuyaandika. Si lazima uchume, na mmea ulio mmoja peke yake usiuguse kabisa. Piga picha ya ua, ya jani kwa mbele na kwa nyuma, na ya ganda la mbegu. Andika jina la kijiji au kilima, andika siku, mwezi na mwaka, andika rangi, na andika jina ambalo wazee wa hapo wanaliita. Mwalimu wa sayansi anayetaka kuanzisha mkusanyo wa shule aombe kwanza ushauri na kibali katika hebaria iliyo karibu naye. Ziko Nairobi, Makerere, Arusha na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa wanaopanga bajeti, ombi langu ni fupi: zibeni paa, lipeni mtunzaji, mfundisheni mrithi wake. Ua lisilo na mahali wala tarehe halimsaidii mtu yeyote, hata lingekuwa zuri namna gani. Kalamu na kijikaratasi ni vitu vya bei ndogo. Andika.